Ubao wa Futi Ishirini

Luqman wa Mtongwe alikuwa fundi wa mapaa wa kutegemewa, na alikuwa mwongo katika jambo moja tu: hakuwahi kukosea. Ukimsikiliza yeye, katika miaka thelathini na mbili ya kupanda ngazi hakuna msumari uliopinda mkononi mwake ila ulikuwa mbovu tangu dukani, na hakuna mlango uliokwaruza chini ila ardhi ilikuwa imevimba. Watu walimpa kazi kwa kuwa kazi yake ilikuwa nzuri. Maneno yake walizoea kuyapisha tu.

Kwa hiyo Mwanamkasi alipomwonyesha picha kwenye simu na kumuuliza kama paa la namna ile analijua, Luqman aliitupia jicho picha ile, akarudisha simu, akasema, "Haya nimepiga mengi. Diani huko nimeyachoka."

Hakuwa amepiga hata moja. Wala hakuwa na hakika alichokiona ni nini. Chini paa lilikuwa limelala pande zote nne, jambo ambalo alilifahamu vizuri, lakini juu, mwisho huu na mwisho ule, palichomoza kipembe cha mbao kilichosimama wima, kana kwamba paa jingine dogo limekuja likakaa juu ya lile kubwa na halitaki kuondoka. Linda, binti wa Magongo aliyechora ramani ya nyumba, alisema paa hilo huitwa Dachi gebo. Luqman alilipokea jina hilo kwa kutikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa binamu yake.

"Basi utaliweza, fundi?" Mwanamkasi aliuliza.

Neno hilo "fundi" lilimuuma. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa amemwita Baba Nadira, kwa jina la binti yao wa pekee, ambaye sasa ameolewa Kisauni.

Mwanamkasi alikuwa mkewe. Waliachana miaka minne nyuma, na sababu, ingawa watu wa Likoni waliitafuta kwa bidii kwenye mwanamke mwingine na walipomkosa wakaitafuta kwenye uchawi, ilikuwa paa. Nyumba waliyokaa, aliyoiezeka Luqman mwenyewe, ilivuja juu ya kitanda. Luqman alisema haivuji. Alisema ni jasho la mabati. Kwa masika kumi na moja mabati yakatokwa na jasho, na kwa masika kumi na moja Mwanamkasi akakisogeza kitanda, mpaka kikafika mlangoni na watu wakawa wanaingia chumbani kwa kukiruka. Siku aliyokwenda kwa kadhi kuomba atolewe katika ndoa hakulalamika kwamba amepigwa wala kwamba amenyimwa chakula, maana hakupigwa wala hakunyimwa. Alibeba sufuria ya maji, akaiweka mezani, akasema, "Sheikh, mume wangu asema hili ni jasho." Kadhi aliitazama sufuria, kisha akamtazama Luqman. Luqman, kwa kuwa alipewa nafasi, alizieleza habari za jasho la mabati kwa kirefu. Ndoa ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Tangu hapo alikaa chumba cha kupanga, akila wali aliouunguza mwenyewe na akisema ni sufuria. Alimtaka mkewe kila siku. Hakuna siku hata moja katika miaka ile minne ambayo hakumtaka, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kusema anamtaka kungeleta swali la kwa nini waliachana.

Mwanamkasi naye aliuza leso na mashuka pale sokoni Likoni, akanunua kiwanja Shika Adabu, akainua kuta za tofali, futi thelathini kwa ishirini. Kuta zilipofika juu, akampigia simu Luqman. Mafundi wa mapaa wamejaa Likoni nzima, naye alimpigia Luqman. Luqman aliigeuzageuza simu ile moyoni kwa siku tatu. Mwanamke hamwiti mtalaka wake apande juu ya nyumba yake kama hana neno, alijiambia, na paa hili likisimama vizuri neno hilo litatoka. Likiharibika, basi tena.

Nguma, Mduruma wa Mariakani aliyefanya kazi naye tangu wote wawili walipokuwa na nywele, alikuwa na maoni mengine. "Amekuita kwa sababu wapiga paa vizuri," alisema. "Ya watu yote umeyapiga vizuri. Ni lenu tu lililotokwa na jasho."

Ubao wa mgongoni, ule unaolala juu kabisa na mbao nyingine zote zikauegemea, Mwanamkasi aliutafuta mwenyewe. Ramani ilitaka ubao mmoja wa futi ishirini, na mbao za urefu huo zilizonyooka hazipatikani ovyo. Aliupata Changamwe. Alifumba jicho moja akazikagua mbao kutoka kichwani hadi mkiani, akakataa tatu, akachukua ya nne. Ukaja kwa mkokoteni mpaka kivukoni, ukavuka na feri ukiwa umeshikwa na vibarua wawili, huku kila abiria akiuliza kama ni mlingoti wa bendera. Mwanamkasi akawajibu mmoja mmoja kwamba ni wa nyumba. Ulipofika Shika Adabu haukuwa na mkwaruzo.

Luqman aliusifu ubao. Ramani hakuisoma, aliiheshimu kwa kuikunja vizuri na kuitia mfukoni. Yeye alikuwa na kanuni aliyoachiwa na marehemu fundi wake: toa upana kwenye urefu, kinachobaki ndicho mgongo. Thelathini toa ishirini, kumi. Kwa paa lililolala pande zote nne kanuni hiyo haijamwangusha mtu tangu iwepo, na kile kipembe cha juu, alijiambia, kitatafutiwa mahali paa likishasimama. Futi ishirini alidhani ni urefu wa kununulia tu, kwa kuwa wenye mbao hawapendi kuuza vipande.

Jumatatu asubuhi yeye na Nguma walifagia mchanga ulio kando ya nyumba, wakakita vigingi, wakavuta uzi na kuuchora kwa jivu. Ndivyo Luqman alivyofanya kazi siku zote. Paa lote lilichorwa chini kwa ukubwa wake halisi, futi kumi kutoka ukutani hadi katikati, futi tano kwenda juu, na kila ubao ulilazwa juu ya jivu kabla ya kuguswa na msumeno. Ilikuwa njia ya kupendeza. Majirani walikuja kutazama, na Luqman akaongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha akapima futi kumi kwenye ule ubao, akapiga mstari kwa guniya, kile chuma cha kupimia pembe, akakata. Msumeno ulikuwa mkali na mkono ulikuwa mtulivu, kwa hiyo ubao ulikatika vizuri sana, na vipande viwili vikaachana bila hata kibanzi.

Nguma alikuwa ameishika simu yenye ile picha. Aliitazama, akautazama mchanga.

"Sasa fundi," alisema, "hiki kipembe kitasimama wapi?"

Luqman alichukua simu. Safari hii aliitazama picha kwa muda wa kutosha kuiona. Mgongo wa paa lile ulikuwa mrefu. Ulitoka kipembe hadi kipembe, karibu nyumba nzima, na kila kipembe kilikuwa kimesimama chini ya ncha yake. Hapakuwa na paa dogo juu ya kubwa. Lilikuwa paa moja, na lilihitaji ubao mmoja wa futi ishirini, ambao dakika tano zilizopita ulikuwepo.

"Mbao za siku hizi," Luqman alisema, "zikikauka hufupika."

"Futi kumi?" Nguma aliuliza.

Majirani waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Nguma, ambaye alikuwa na huruma kuliko ulimi wake, akachuchumaa na kuvisogeza vile vipande mpaka vikagusana. Vilikuwa sawa kabisa, kumi na kumi. Tuviunge, alisema. Tutie vibao ubavuni huku na huku, na bolti, na kiungo kikae juu ya mbao za katikati. Hakitalegea maisha. Chini yake kunakuja dari. "Hataona yeye, hataona mtu. Hata mimi nitasahau."

Luqman alilipenda wazo hilo mno. Alivifunika vipande kwa magunia ili visione jua, kama alivyosema, na alikuwa bado anayanyoosha magunia Mwanamkasi alipotokea na birika la chai ya tangawizi na bakuli la mihogo. Alikuja kila siku saa nne, akakaa juu ya tofali mbili, akamimina.

"Ubao wangu u wapi?" aliuliza.

"Umepumzishwa."

"Umechoka?"

"Ubao mrefu ukitoka safari hupumzishwa. Ndipo ukae sawa."

Mwanamkasi alitafuna muhogo wake. "Na uukinge na jua," alisema. Alivitazama vijilima viwili vya magunia, akatazama kando, akamimina chai nyingine.

Siku ya pili alikuta wamelaza mbao juu ya kuta na kuzifunga kwa vyuma, kazi ambayo haina ubishi katika paa la namna yoyote. Akauliza kama ubao bado umepumzika. Luqman akasema bado. Siku ya tatu alikuta hakuna kilichoongezeka. Nguma alikuwa akinoa msumeno uliokwisha kunolewa, na Luqman alikuwa ameshika timazi, ile kamba yenye risasi, akipima kama ukuta wa jirani umesimama wima.

Ukweli ni kwamba hata huo ubao ungekuwa mzima, hakujua aufanye nini. Kile kipembe kinashikwa na nini? Mbao za upande wa mwisho zinapanda mpaka wapi, na zikifika hapo zinaegemea kitu gani? Alikuwa amechora na kufuta mpaka mchanga ukawa mweusi kwa jivu. Angeweza kumpigia Linda simu na kumuuliza, na Nguma alimwambia hivyo mara mbili. Lakini kuuliza ni kusema hujui, na Luqman alikuwa amekaa miaka hamsini na saba bila kulisema neno hilo. Aliona haya, na chini ya haya aliona hofu. Alijua anachokifanya: alikuwa akimwezekea mwanamke yule yule paa jingine lenye uongo ndani yake. Alilijua hilo kila siku saa nne, anapopokea kikombe mkononi mwa Mwanamkasi.

Siku hiyo ya tatu Mwanamkasi hakuuliza chochote. Alikunywa chai, akakusanya vikombe, akajikung'uta leso, akaondoka zake. Alikuwa amefika kwenye rundo la kokoto Luqman alipoita.

"Mama Nadira."

Akasimama.

"Nimeukata."

"Umekata nini?"

"Ubao."

"Wapi?"

"Katikati."

Alirudi. Luqman akayaondoa magunia, na Mwanamkasi akasimama juu ya vile vipande viwili na birika lake mkononi.

"Nani alikwambia uukate?"

Hapo palikuwa na nafasi kubwa, na ndani yake mngeingia vitu vingi. Ingeingia ramani. Angeingia Linda na maandishi yake madogo. Ingeingia kanuni ya marehemu, ambaye asingebisha. Nguma alijiweka sawa, akingoja kutajwa.

"Hakuna," Luqman alisema. "Nimekosea mimi. Na paa hili sijapata kulipiga, wala sijui lasimama vipi. Diani nilikwenda kutengeneza banda la kuku."

Baada ya kusema hivyo akashika ngazi. Mwanamkasi aliliweka birika chini polepole.

"Ya Diani nayajua," alisema. "Ulikaa siku mbili, ukarudi na mayai." Akavuta moja ya tofali zake mbili, akaisukuma upande wa Luqman kwa mguu. "Kaa, Baba Nadira."

Luqman akakaa. Mwanamkasi alichukua kipande cha ufito, akafuta yote yaliyochorwa mchangani, akachutama.

"Wamkumbuka bibi yangu wa Waa?"

"Allah amrehemu."

"Nyumba yake makuti nilishona mimi. Sikuwa na miaka kumi, nikashona mpaka vidole vikachubuka. Sasa tazama." Akachora mstari mrefu. "Kipaa cha mbele hiki. Kipaa cha nyuma hiki. Viwili hivi vyapanda mpaka juu, vyakutana, na huku mwisho vyatoka kidogo nje. Haya. Halafu visusi, vya miisho ya nyumba, kimoja huku na kimoja kule. Kisusi ni kifupi. Hakifiki juu. Chapanda, chapanda, chaingia chini ya vipaa, hapo basi. Pale juu pabaki tundu. Joto na moshi wa jikoni vyapita pale."

Luqman aliutazama mchanga. Akaitazama simu. Akautazama tena mchanga. Alikuwa amezaliwa chini ya paa hilo, na kutahiriwa chini yake, na utoto wake wote alilala akiliangalia lile tundu mpaka macho yakafumba. Nusu ya nyumba za Likoni zilikuwa hivyo kabla ya mabati. Kilikuwa kimoja tu kati ya vitu alivyovijua kabla ya kuwa fundi, na kwa hiyo hakuwahi kuvihesabu.

"Kwa hivyo hii Dachi gebo," Nguma alisema, "ni nyumba ya bibi."

"Ndiyo. Mimi niliiona kwenye simu nikaipenda, sikujua kwa nini naipenda. Nikajua siku ya kwanza, nimekaa hapa nanywa chai."

"Ungetwambia!" Luqman alisema.

"Nilikuwa nangoja uniulize," Mwanamkasi alisema. "Nimengoja kwa birika tatu."

Luqman akauliza kuhusu ubao. Angeenda Changamwe mwenyewe, alisema, angetafuta mwingine.

"Uunge," Mwanamkasi alisema. "Ila nisije nikasikia kwa watu kwamba ulifika umekatika."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Walipima futi sita kutoka kila mwisho wa nyumba, wakatia alama juu ya kuta zote mbili ndefu: hapo ndipo vipaa vinapoishia na kisusi kinapoanza. Kati ya alama na alama palibaki futi kumi na nane, na jozi saba za mbao zikapandishwa pale, kila jozi futi tatu kutoka mwenzake. Ubao wa mgongoni, uliounganishwa kwa vibao na bolti nane, ukalala juu yake ukizidi futi moja huku na moja huku. Kiungo kilikaa juu ya jozi ya nne barabara, na Luqman, badala ya kukificha, akamwita Mwanamkasi akitazame.

Kisha ukaja ule ubao uliomsumbua. Katika jozi ya mwisho, futi tatu juu ya ukuta, walipigilia ubao wa kukingama, kutoka mguu mmoja wa jozi hadi wa pili. Huo tu ndio uliokuwa siri yote. Mbao za kona zikapanda kutoka pembe za nyumba hadi kwenye ncha za ubao huo, mbao za kisusi zikapanda kutoka ukuta wa mwisho zikauegemea, na fupi zikajaza kando, kila moja fupi kuliko jirani yake. Juu ya ubao huo pakabaki pembetatu ya futi mbili kwenda juu na nane kwa upana, lile tundu la bibi, na hapo walitia mbao nyembamba zilizoachana ili upepo upite na popo wasipite.

Luqman alifurahi kama ambavyo hakuwa amefurahi kazini kwa miaka mingi. Na kwa kuwa alikuwa ameanza kuuliza, hakujua pa kuishia. Vipaa vitoke nje kiasi gani? Kisusi kilale kama vipaa au kilale zaidi? Siku ya pili ya maswali hayo Mwanamkasi alimwambia kwamba yeye alishona makuti tu, hakuwa mhandisi, na kama atauliza tena chai itakuwa haina sukari.

Ilikuwa akipigilia zile mbao nyembamba upande wa bahari, akiwa juu na misumari mdomoni, na Mwanamkasi chini amemshikia ngazi kwa sababu Nguma alikwenda kununua bolti, ndipo alipoitoa misumari mdomoni na kusema, bila kutazama chini:

"Lile letu lilikuwa likivuja."

"Najua," Mwanamkasi alisema. "Nilikuwa chini yake."

Akairudisha misumari mdomoni. Msumari uliofuata ukapinda. Akauchomoa, akapigilia mwingine, na hakusema lolote juu ya duka ulikotoka.

Mbao zilipokwisha zote, na kabla mabati hayajaletwa, Nguma alifunga vifaa vyake mapema, akasema ana mgonjwa wa kumtazama. Hakuwa na mgonjwa. Luqman alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaja akasimama mbele ya Mwanamkasi, ambaye alikuwa akikusanya vikombe.

"Nataka kurudi," alisema.

"Kurudi wapi? Hapa hujapata kukaa."

"Kwako. Nataka kurudi kwako, Mwanamkasi. Miaka minne yote nataka hilo tu. Nilijidai sitaki, nikajidai ndimi niliyekuacha. Wallahi sikukuacha mimi, uliniacha wewe, na ulikuwa na haki."

Mwanamkasi alitia kikombe ndani ya kikombe. Luqman alihesabu vikombe: vilikuwa vitatu, na kuvikusanya kulichukua muda ambao yeye aliuona ni wa vikombe mia.

"Mjomba wangu yupo Waa," alisema mwishowe. "Ijumaa baada ya sala hatoki."

"Nikamwambie nini?"

"Anza na ubao."

Ijumaa Luqman alivaa kanzu, akaenda Waa. Mzee Rashid, mjomba wa Mwanamkasi, alimpokea barazani kwa heshima, akasikiliza salamu zake, akauliza hali za watu wake mpaka za waliokufa, kisha akamruhusu aseme lililomleta. Luqman akaanza na ubao. Alieleza kwa mapana. Alieleza jinsi asubuhi ile mwanga ulivyokuwa unatoka mbele ya macho, na jinsi ramani za siku hizi zinavyoandikwa kwa herufi za sisimizi, na jinsi kanuni ya marehemu ilivyokuwa kanuni nzuri katika mazingira yake. Mwishoni kabisa alitaja kwamba ubao ulikatika.

Mzee Rashid akasema jambo la namna hii halisikilizwi na mtu mmoja. Alituma aitwe kaka yake Mwanamkasi. Kaka alipofika akaketi, na kwa kuwa katika ukoo ule mtu hapewi habari nusu, Luqman akatakiwa aanze upya. Akaanza upya. Safari hii aliuacha mwanga. Alipokuwa anamaliza akaingia imamu wa msikiti wa pale, aliyekuwa ameitwa kuwa shahidi wa lolote litakaloamuliwa, na baada ya salamu Mzee Rashid akasema, "Mwanangu, mweleze imamu." Luqman akamweleza imamu. Ramani nayo ikabaki nje, na ilipofika zamu ya kanuni ya marehemu aliona haya kumtaja maiti mbele ya imamu, akaipita.

Wakati huo shangazi yake Mwanamkasi, ambaye naye aliitwa, alikuwa bado njiani kutoka Ng'ombeni, kwa sababu ya goti. Wakamngoja. Alisaidiwa kupanda baraza, akakalishwa kwenye kiti, akapewa maji, akaulizwa goti. Kisha wote wanne wakamgeukia Luqman.

"Nilikata ubao wa Mwanamkasi," Luqman alisema. "Nilikosea mimi."

Walingoja kuona kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

Mzee Rashid aligeuza kichwa upande wa pazia la mlango wa ndani, ambalo Luqman alikuwa amelitazama tangu afike bila kulifikiria.

"Mwanamkasi!"

"Abee, mjomba," sauti ilijibu nyuma ya pazia.

"Umesikia?"

"Nimesikia mara nne."

"Wataka arudie?"

Luqman alijitayarisha. Angerudia mara ya tano, na ya hamsini, na kama kungekuwa na jamaa wengine Kinondo au Msambweni angekaa pale mpaka wafike wote.

"Yatosha," Mwanamkasi alisema.

Mzee Rashid alimuuliza imamu kama Jumapili ana nafasi ya kufungisha ndoa. Luqman akalia pale pale mbele ya wakwe zake, machozi yakimwangukia kanzuni, na shangazi alipomuuliza kama ni vumbi la njiani lililomwingia machoni, akasema hapana.